Gitaa ya Mzee

Jumapili

Leo baba yangu ameniuliza mara sita gitaa yake iko wapi. Mara sita nimesema sijui, na mara ya tatu nilimfokea. Mzee mzima!

Nesi wa kliniki alisema kupiga muziki kunasaidia akili ya mtu mzee. Akauliza, "Kwani hakuna kitu alikuwa anapiga?" Nikauliza dawa zinalipiwa wapi.

Kwa hivyo baada ya ibada niliomba gitaa ya kwaya. Mzee, ambaye asubuhi aliniita kwa jina la ndugu yake, alikaza nyuzi mbili akapiga wimbo mzima wa harusi bila kukosea. Halafu akaniangalia, akacheka. "Mutua, na wewe bado hujui kuimba!"

Jina langu. Sijui ni tangu lini...

"Lakini hii si yangu," akasema. "Yangu iko wapi?"

Niliichoma. Ile wiki niliokoka, nikasema ni ya shetani, nikaichoma nyuma ya choo yeye akiwa shambani.

Leo alikuwa na akili ya kusikia hayo, hata ya kunisamehe. Na mimi nikamwambia tena, "Sijui, Mzee."

Sasa ameshasahau kama aliuliza.