Kipande Nilichokata

Isansa

Mwanangu Osea,

Kahawa imeiva, na baba yako bado anakohoa. Zabron, yule mwenzako wa safari ya Sauzi, amerudi na lile blanketi la kitambaa cha parachuti nililokushonea na kulijaza pamba. Anasema mkiwa porini alishikwa na homa, ukamfunika nalo, wewe ukalala na shati tu kwenye baridi ile. Asubuhi hukuamka. Walikuzika hukohuko.

Uliniomba liwe jepesi, liingie kwenye begi la mgongoni, nami nikapunguza upana. Watu wanasema ni mapenzi ya Mungu.

Kile kipande nilichokata nilikuwa sijakitupa. Jana nimekirudishia kwa cherehani. Sasa blanketi linatosha watu wawili.

Mama yako,
Ketrina