Nilikwenda kwa Daktari wa Wanawake, Issuna Wakasikia Nina Mimba

Jumatano, Ikungi. Upepo umeanza tangu alfajiri na haujapumzika hata kidogo. Mabati yanagonga, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa.

Mimi pia sijapumzika. Nimefagia uwanja, upepo umerudisha uchafu, nimefagia tena. Nimekaa, nimesimama. Nimeona heri niandike.

Mnaosoma hapa siku zote mnajua kwamba tangu harusi blogu hii imekuwa Daudi, Daudi, Daudi. Leo pia Daudi yumo, mnivumilie. Anafanya kazi kwenye kinu cha kukamua alizeti, na jioni anarudi ananuka mashudu kuanzia kichwani hadi miguuni. Mungu anisamehe, naipenda ile harufu kuliko manukato yoyote niliyowahi kununuliwa. Nikisikia pikipiki yake inazimwa nje, moyo unaruka kama vile hakuondoka asubuhi bali mwaka jana. Bado sijazoea kwamba huyu mtu ni wangu na analala hapahapa.

Sasa niseme lile ambalo sijawahi kuliandika.

Naumwa.

Siku zangu za mwezi zimekuwa zikiniangusha tangu kidato cha pili. Shuleni matroni alikuwa ananipa chai ya moto na kuniambia, "Ukizaa yataisha." Mama yangu kule Sekenke aliniambia hivyohivyo. Dada wa duka la dawa, vivyo hivyo. Nikakua nikiamini kuwa maumivu yale ni kama foleni, unasubiri mpaka zamu yako ya kuzaa ifike. Kumbe baada ya harusi yakazidi. Damu inakuja nyingi, inakaa, na upande wa kushoto panachoma hata siku ambazo si zake.

Mwezi uliopita Daudi alinikuta nimejikunja sakafuni jikoni. Alipiga magoti akanishika kichwa kwa mikono yake yenye mafuta. Nilimwambia ni mambo ya wanawake, yatapita. Akasema, "Mke wangu, mambo ya wanawake yana daktari wake. Tumtafute."

Kumtafuta! Laiti ningejua.

Zahanati walinipokea vizuri, lakini nesi alisema wazi kuwa bingwa wa magonjwa ya wanawake hawana, niende mjini Singida, na kabla ya hapo nipitie hospitali ya wilaya. Nikaingia mtandaoni. Nikaandika "daktari bingwa wa wanawake karibu nami", simu ikaniletea kliniki za Dar es Salaam, na mganga mmoja anayetibu uvimbe, ugumba, na kurudisha mpenzi aliyepotea. Wangu hajapotea, yuko kinuni. Nikafunga simu nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo.

Halafu wiki hii likapita gari la matangazo. Madaktari bingwa wanakuja hospitali ya wilaya, wakiwemo wa akina mama. Jana asubuhi nilijifunga mtandio nikaenda.

Benchi zilijaa. Karibu kila mwanamke alikuwa na tumbo mbele, mimi nina pochi tu. Nikiwa nimekaa, akatokea Mama Neema, jirani wa mama mkwe wangu kule Issuna, amemleta binti yake.

Nikasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haa! Na wewe upo huku?" Akaniangalia usoni, akashuka mpaka tumboni, akapanda tena usoni. "Haya! Haya, haya, haya!"

Ningesema nini? Nianze kueleza habari za hedhi mbele ya benchi zima, na mkamwana wa watu mimi? Nikatabasamu. Nikainamisha macho.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mke mpya, foleni ya daktari wa akina mama, anatabasamu na kuinamisha macho. Hata mimi ningeelewa vile alivyoelewa Mama Neema.

Daktari alikuwa mwanaume, mpole, sauti ya chini. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Lakini aliniuliza jambo ambalo hakuna mtu amewahi kuniuliza: "Maumivu yakija, unashindwa kufanya nini?" Nikafungua mdomo, yakatoka yote. Kufua, kusimama, kula. Kuwa mke. Alinisikiliza bila kunikatiza, akanipima kwa altrasaundi, akakaa akiangalia kioo kwa muda.

Nina uvimbe kwenye kifuko cha mayai, upande wa kushoto. Kwa alivyoona hauonyeshi kuwa ni kitu cha kuua, lakini anataka vipimo zaidi hospitali kubwa mjini, Ijumaa, na huenda nikafanyiwa upasuaji. Nikamuuliza kuhusu mtoto. Akasema wengi wenye tatizo kama langu huwa wanapata, wengine huchelewa, wengine huhitaji msaada. "Sitakuahidi kitu nisichokijua," akasema.

Nilitaka aahidi. Nilitaka adanganye kidogo tu.

Nilimwambia Daudi jioni ile. Alinikumbatia, akasema Ijumaa anaomba ruhusa kazini, basi. Nampenda mpaka naogopa.

Lakini simu ilikuwa imeshanitangulia Issuna.

Leo asubuhi, upepo huu huu, mama mkwe kasimama mlangoni. Ana kuku hai kwapani, unga wa lishe, na furushi la mlenda mkavu. Akaninyang'anya ndoo ya maji kabla sijamaliza kumwamkia. "Kaa chini wewe! Unabeba ndoo na hali hiyo?"

"Mama, hali gani? Mimi sina..."

"Nyamaza!" Akaweka kidole mdomoni, macho yanacheka. "Sijauliza. Usiniambie."

Inabidi niwaeleze wasiojua. Ukweni kwangu, mimba changa haitajwi. Haiulizwi, haikubaliwi, haikataliwi, mpaka yenyewe ionekane kwa macho. Kwetu Unyiramba pia tunaificha, ila mama yeyote mwenye maneno ataisema tu. Hawa wa huku wameshika kweli. Kwa hiyo nikifungua mdomo kukanusha, ananifunga mdomo kwa upendo. Nilijaribu wakati wa chai. "Hayo hayasemwi, mwanangu." Nilijaribu alipokuwa anachambua mboga. Akaanza kuimba pambio la kanisani, kwa sauti, ili asinisikie.

Na kadiri nilivyonyamaza, ndivyo mtoto yule ambaye hayupo alivyozidi kuwepo. Akawekewa uji. Akakatazwa kuinama. Mchana mama akaupitisha mkono mgongoni kwangu, taratibu, kwa namna ambayo mama yangu mzazi hajawahi kunigusa, na mimi, nawaambieni ukweli, nikatamani kuuacha uongo ule uendelee. Mpaka Ijumaa tu. Nipendwe hivyo mpaka Ijumaa.

Ila Ijumaa nikilazwa, wangesema nini? Wangesema mimba imetoka. Wangenililia mtoto ambaye hakuwahi kuwepo, na mwakani wangemhesabu.

Saa za alasiri mama alikuwa uani ananyonyoa kuku. Nikaketi chini mbele yake, mahali ambapo hawezi kunikwepa.

"Mama, naomba unisamehe, nataka kulisema lisilosemwa."

"We binti..."

"Tumboni hakuna mtoto, mama. Kuna uvimbe. Jana nilikwenda kutibiwa."

Mkono wake ukasimama juu ya manyoya. Upepo ukayachukua, yakaruka uwanja mzima, hakuna aliyeyafuata.

"Nani amekwambia?"

"Daktari. Ameuona kwenye kipimo."

"Unauma?"

"Sana. Tangu nasoma."

Akafuta mikono kwenye kanga yake. Kisha akasema kwa uchungu kabisa, "Na mimi nimeshamwambia mama mchungaji!"

Nikacheka. Sikutaka, kicheko kilitoka tu. Akanitazama kwa hasira, kisha na yeye mdomo ukamcheza, akageuza uso.

"Ijumaa unakwenda na nani?"

"Na Daudi."

"Daudi yupi, huyu wangu? Akiona sindano anaanguka yeye, manesi waache kukutibu wewe wambebe yeye. Tutakwenda wote."

Halafu akaendelea kunyonyoa. Nikadhani yameisha. Lakini bila kuniangalia akauliza, polepole, swali lilelile nililomuuliza daktari. "Na watoto?"

"Hajaahidi, mama."

Alimaliza kuku, akamkata, akamweka jikoni. Alipopita karibu yangu hakunigusa mgongo.

Ndiyo maana situlii. Daudi amerudi, wamekaa sebuleni yeye na mama yake, wanaongea Kinyaturu haraka haraka. Naelewa neno moja moja kwa sababu linafanana na la kwetu, mengine yananipita. Nimesikia jina langu. Nimesikia "Ijumaa". Nimemsikia Daudi akipandisha sauti, yeye ambaye hapandishi sauti hata kinu kikiwa kinanguruma. Nimekaa chumbani na simu mkononi, nawaandikia ninyi ili nisiweke sikio ukutani.

Mnisubiri kidogo. Mama anapiga simu.

Nimerudi. Amempigia mama mchungaji, ambaye ni mtu wa Mbeya, kwa hiyo wameongea Kiswahili, na mama mkwe wangu akiwa kwenye simu anaongea kama yuko ng'ambo ya bonde. Nimesikia kila neno.

"Hapana, si ile habari. Nilikosea. Mtoto anaumwa... Mke wa Daudi, ndiyo... Hapana, mama, hajapoteza kitu, asije mtu akasema amepoteza. Anaumwa tu, na Ijumaa tunampeleka. Mumwombee. Na umwambie Mama Neema kwamba nimesema hivyo mimi mwenyewe."

Ameniita mtoto. Hakusema mkwe.

Sijui Ijumaa wataona nini kwenye vipimo. Sijui kama nitazaa. Nikijaribu kuliwaza hilo hadi mwisho, mikono inaanza kutafuta kazi, kwa hiyo naliachia katikati. Nitakwenda, nitalala pale watakaponiambia nilale, na nikiulizwa naumwa wapi nitaonyesha kwa kidole, mbele ya yeyote.

Wananiita nikale. Kesho ni Alhamisi tu, siku isiyo na kazi nyingine kwangu ila kupita.