Nilichotafuta Mfukoni mwa Ndaki

Geita, Jumapili mchana

Dada Mektilda,

Shikamoo. Mchele umefika salama, na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Uliniandikia nifurahi kwa kuwa mdogo wetu Ndaki ameokoka. Sikufurahi hata kidogo, nilimchunguza. Mchimbaji gani wa dhahabu hushuka shimoni bila dawa ya mganga? Wenzake wote wamechanjwa chale. Yeye husali tu, kisha huwatekea maji hata wanaomcheka. Nikasema huyu ni mnafiki, anayo yake kaificha.

Jana alipokuwa akioga, nilipekua suruali yake nikitafuta hirizi. Nilikuta Agano Jipya lenye tope. Akatokea amelowa maji.

“Kaka, umeipata?”

“Bado.”

Akacheka. “Basi tafuta kwenye mkanda wako.”

Dada, unajua ninavyowachapa kwa kalamu waganga na wachungaji gazetini. Hujui kwamba tangu nilipougua mwaka juzi nimeshonea hirizi ndani ya mkanda wangu. Ndaki alijua siku zote, na hakumwambia mtu.

Mkasi uko hapa mezani. Nikishaandika jina langu, naikata. Niombee.

Mdogo wako mbishi,
William