Petroli ya Jipu la Marehemu

Ijumaa, 5 Oktoba 2001

Jipu limewaka kwa shida. Limekohoa, likazima, likawaka tena. Marehemu mume wangu alilinunua kwenye mnada wa jeshi, kuukuu tangu siku hiyo, na kila Ijumaa kabla ya sala aliliwasha. Sasa naliwasha mimi. Nimechovya kijiti tangini. Mafuta yamepungua. Nilijaza juzijuzi tu na sijatoka nalo hata getini. Ufunguo wa banda ninao mimi, na mwingine anao Khamis, mume wa binti yangu Zuwena. Wanakaa hapa kwangu.

Jumatatu, 8 Oktoba

Yamepungua tena. Nimeinama kutazama chini ya gari. Mchanga mkavu, hakuna hata tone. Mafuta hayana miguu.

Kwenye buti ya gari la Khamis nimeona mpira wa maji, umekunjwa vizuri. Mtu wa ofisini na mpira wapi na wapi? Nimemuuliza kwa upole. Kasema wa kumwagilia mitende kwa kaka yake, kule mtaa wa Hail. Amejibu upesi mno.

Petroli yenyewe siku hizi siielewi. Vituoni wameleta hii isiyo na madini ya risasi, ile ya zamani haipatikani tena. Harufu yake inanifuata mpaka jikoni.

Jumatano, 10 Oktoba

Nimebadilisha kufuli. Ufunguo nauvaa shingoni. Dirisha la banda nimelipigilia mbao. Khamis ameona, akapita zake.

Zuwena hakunyamaza. Ana mimba kubwa, sikutaka kumuudhi, lakini kauliza mwenyewe. Nikamwambia mumewe ananinyonya mafuta. Amelia. Nimekasirika zaidi, kwamba analia kwa ajili yake. Dalili ya mvua mawingu, na mpira ule ni wingu.

Ijumaa, 12 Oktoba

Wamehama. Wamekwenda Hail kwa kaka yake. Mjukuu wangu wa kwanza atazaliwa nyumba ya watu.

Walipokuwa wakipakia mizigo nilifungua banda. Harufu ikanipiga usoni. Kijiti kimetoka karibu kikavu chote. Kufuli zima, mbao nzima, mafuta hayapo. Nikasema moyoni, huyu amepitia wapi?

Kwanza niitoe ile harufu. Nikatia makaa kwenye chetezo, na ubani juu yake, nifukize banda kama ninavyofukiza jiko baada ya kukaanga samaki. Nilikuwa nimefika mlangoni Khamis aliponishika mkono.

"Mama, moto huo usiingie humu."

Akakitwaa chetezo kwa mikono mitupu, akakimbia nacho, akamwaga makaa uani. Chetezo cha shaba. Kiganja kimebabuka.

Kisha akaingia chini ya jipu, akachimba mchanga kwa vidole. Juu mkavu, chini umelowa chapachapa. Mpira unaopeleka mafuta kwenye injini umelainika kama halwa. Kasema petroli hii mpya inautafuna mpira wa zamani, na kwa joto letu tone halikai juu ya mchanga. Na mimi nimeziba dirisha, mvuke wote umebaki ndani. Ningeingia na makaa, basi.

Zuwena akamfunga kitambaa. Wakapanda gari. Sikumwomba Khamis radhi. Naona haya.

Jumatano, 17 Oktoba

Zuwena amekuja kunitazama, peke yake. Nimempa ufunguo ampelekee mumewe. Hakuniuliza kwa nini. Kiganja kinapona, kasema.

Ijumaa, 19 Oktoba

Jipu sikuliwasha. Asubuhi Zuwena ameurudisha ufunguo. Khamis kasema banda halihitaji ufunguo, linahitaji dirisha wazi. Nimeligeuza neno hilo kutwa nzima. Amenisamehe, au hataki tena kitu changu? Namshuku hata kwa hili.

Baada ya alasiri nimeng'oa mbao, moja moja. Chetezo nimekirudisha kabatini, bado kina alama ya vidole vyake. Hakuna aliyesema kama watakuja. Nimekaa uani, na geti sikulifunga.