Achieng' Alikuja Kupanda Tu

Kutoka shajara yangu ya Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Naichapa hapa kama nilivyoiandika wakati ule.

Ijumaa, mwezi wa tatu. Asubuhi joto la kunata, mchana wingu zito upande wa milima ya Nandi, jioni mvua.

Mvua imefika. Tulisema itawahi, nayo imewahi. Kituoni kila mtu alikuwa anacheka, bosi akatununulia soda, wakanipiga mgongoni kama mtu aliyeinyesha mwenyewe.

Sina furaha. Afadhali niseme hivyo moja kwa moja.

Kazi yangu ni kutabiri mvua. Vituo vya ukanda wa ziwa hututumia vipimo vyao kila asubuhi, tunarusha baluni kujua upepo wa juu unaelekea wapi, kisha tunachora ramani na kubishana. Mwaka huu upepo wa kusini mashariki ulianza kuleta unyevu mapema. Mwishowe tukakubaliana kwamba masika yatawahi kuanza na yatawahi kukatika, kwa hiyo atakayechelewa kupanda atavuna mabua. Redio ikatangaza, machifu wakarudia barazani, na mkoa mzima ukashika jembe.

Isipokuwa nyumbani kwetu Kombewa.

Kwetu mbegu haitoki ovyo. Mama hupanda kwanza, halafu mwana mkubwa na mkewe, ndipo wafuate wadogo. Na mkubwa hapandi peke yake. Analala na mkewe katika nyumba yao pale bomani, alfajiri wanaingia shambani pamoja. Mdogo akimruka mkubwa analeta chira, ile laana inayowakausha watoto. Ukiwa mjini unaweza kucheka. Ukifika Kombewa hucheki.

Mkubwa ni mimi. Na Achieng', mke wangu, alirudi kwao Awasi baada ya kumzika Okoth.

Sijawahi kuliandika jina hilo hapa. Tulimwita Okoth kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha, kama desturi yetu ilivyo. Malaria ilimchukua kabla hajajua kutembea. Kaburi lake liko kando ya nyumba yetu, ukifungua mlango unaliona. Achieng' aliufungua mlango huo asubuhi nyingi, kisha siku moja akafungasha vitu vyake. Hatukugombana. Natamani tungegombana, maana waliogombana huwa na jambo la kusameheana.

Wiki iliyopita Ouma, mdogo wangu, alinifuata mpaka kazini.

"Mzee, si nyinyi ndio mlisema kwa redio mvua iko karibu?" aliniuliza. "Majirani wote wamemaliza kupanda. Sisi tunangoja wewe."

Aliyasema kwa upole, macho chini. Ana watoto wengi na ghala lake ni tupu. Mganga hajigangi. Nilikuwa nimeuambia mkoa mzima wakati wa kupanda, huku mashamba ya ndugu zangu yamelala kwa sababu upande mmoja wa kitanda changu ni mtupu.

Nikaenda Awasi. Mama mkwe alinipa kiti na chai, hakunipa uso. Achieng' akatoka nyuma ya nyumba, amekonda. Maneno niliyoyapanga njiani yote yalinipotea. Nikamwambia tu kwamba mvua inakuja, na watoto wa Ouma watalala njaa.

"Achieng', ukipanda huko umerudi kwa bwana," mama yake akamwonya. "Ujue hivyo."

Achieng' akanitazama.

"Nakuja juu ya watoto ya Ouma," alisema. "Baba Okoth, usifikiri nimerudi."

Baba Okoth. Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo tangu mazishi.

Ya usiku wetu bomani siyaandiki. Mila ilitimizwa. Alilia, na mimi nikalia.

Alfajiri tukaingia shambani. Mimi nachimba, yeye anadondosha mbegu na kufukia kwa unyayo, kama miaka yote. Mila inataka mistari michache tu, lakini aliendelea mpaka jua likawa kali. Nikajiambia hiyo ni dalili. Ndiyo hatari ya kazi hii, mtu anaona wingu analotaka kuliona.

Alipomaliza alienda kaburini, akang'oa magugu kwa mikono, akanawa. Mama alimbembeleza kwa kumwita binti wa kwao, "Nyar Kano, kunywa hata uji," akaunywa amesimama. Nilimsindikiza hadi barabarani. Sikumwomba abaki. Jibu nililijua, na sikutaka kulisikia kwa sauti yake.

Ouma alipanda siku ileile. Odhiambo, kitinda mimba wetu, amemaliza jana. Wote wamewahi mvua, na namshukuru Mungu kwa hilo, kweli namshukuru.

Sasa niko chumbani kwangu Kondele, hapa mjini, mvua inapiga bati mpaka redio haisikiki. Wingu la jioni hutokea Nandi, likapita Awasi kabla ya kutufikia. Kwa hiyo ameisikia kabla yangu. Sijui alitoka kuanua nguo au alikaa tu ndani.

Nimeamua jambo moja. Palizi, ambayo kwetu ni kazi ya wanawake, nitafanya mwenyewe, wanaume wa Kombewa wacheke wakitaka. Mahindi yale ni yake. Yakikomaa nitampelekea Awasi yote, nitayashusha pale uani, na sitamwuliza neno.

Moyo unauma. Masika ndiyo kwanza yameanza, na kila jioni yatapiga hivi juu ya kichwa changu.

Mahali fulani katika mkoa huu kuna mama anajifungua mtoto wa kiume sasa hivi. Watamwita Okoth. Na mvua hii niliitabiri mimi.