Jina la Mama Redioni

Nyamira,
Agosti 1974

Kwako kaka Momanyi,

Pokea salamu za kwetu. Mimi ni mzima, ng'ombe wana malisho, na nyanya anauliza kama baridi ya Nakuru imepungua. Kifua chako je, kimepona? Ningependa kuandika kwamba sote tu salama, lakini Mama hayupo. Amerudi kwa ndugu zake Nyamarambe, na Baba ndiye aliyemwambia aende. Kuna jambo katika haya sijamwambia mtu, hata Orpah ninayelala naye kitanda kimoja.

Nilikuandikia habari za Mwalimu Onyancha, yule aliyekuwa mwandishi Nairobi mpaka gazeti lao likafungwa. Alitufundisha uandishi wa habari kila Alhamisi baada ya masomo. Gazeti letu tulilichapa kwa stensili, wino ukabaki vidoleni hadi kanisani. Alitwambia kwamba mtu akikueleza maovu ya wakubwa, jina lake ulimeze, hata wakikuchapa. Mimi nisiyeinua mkono darasani, kwake niliinua.

Muhula huu alitaka kila mmoja alete habari ya kwao. Nikaandika ya karani wa kituo cha majani chai: mwanamke asiyempelekea kuku huambiwa majani yake yamekomaa mno, yakamwagwa kando ya barabara. Mama alinieleza tukichuma, akicheka, eti karani huyo kwa kuku aliokula karibu atawika mwenyewe. Niliandika "mama mmoja" tu. Mwalimu akaisifu mbele ya wote, nikakosa pa kuweka uso.

Jumapili iliyopita Baba na wenzake walikuwa kwa Harish, pale dukani redio inapowekwa mlangoni. Zikasomwa habari za wilaya. Maneno yalikuwa yangu, hata utani wa kuwika. Mwandishi, wakasema, ni Onyancha. Kisha likatajwa jina: Bitutu, mke wa Alfayo. Kaka, nani hapa humwita Mama kwa jina hilo? Hata Baba humwita mama Momanyi. Mzee Nyasani akamtania kwamba mkewe siku hizi anaongea na nchi nzima, yeye je, amepangiwa zamu lini? Baba alirudi bila ile sukari aliyotumwa.

Mama aliapa hajaonana na mtu yeyote wa redio. Baba akamuuliza kama redio imeliota jina lake. Kesho yake karani alimwaga kapu lote la Mama, akamwambia majani ayapeleke redioni wakayanunue. Jioni Baba akasema aende kwao, akae huko mpaka aukumbuke ukweli.

Nilikwenda Nyanchwa kumwona Mwalimu. Nilimkuta akifunga mizigo, redio imemwajiri. Hakuona haya hata kidogo. Alisema magazeti yanakufa, binti yangu, watu sasa wanasikiliza, na habari isiyo na jina haina miguu. Nikamkumbusha alivyotufundisha. Akacheka, akasema yale yalikuwa ya darasani. Akaniambia nisome kwa bidii.

Sasa lile nililolificha. Jina alilipata kwangu. Aliniita peke yangu, akasema mhariri lazima amjue shahidi, naye atabaki nalo moyoni. Akaniita mwandishi mwenzake. Hakunilazimisha, kaka, nililitaja kwa fahari. Na Mama anajua, maana habari ile ya karani hakumweleza mwingine. Siku ile alinitazama mbele ya Baba, na hakunitaja. Akachukua mzigo wake akaenda, nami nikasimama pale kama gogo.

Msalimie wifi Marion, mwambie sweta ilimtosha Mama. Nasikia hatua za Baba zikija mlangoni, ametoka kufunga ng'ombe. Siku zote hizi nikizisikia, karatasi huenda chini ya godoro. Leo naiacha mezani, maandishi yakiwa juu. Yeye husoma Kiswahili polepole, kwa kidole, kama asomavyo Biblia. Barua hii ikikufikia, ujue ameimaliza.

Ni mimi mdogo wako,
Nyamusi