Homa Yangu na Homa ya Paskazia

Nyabiyonza, Alhamisi, Novemba 1991

Mvua haijakatika tangu asubuhi. Kahawa iliyokuwa imeanikwa uani nimeiingiza ndani peke yangu, maana Mama yuko hospitali ya misheni na Paskazia, wiki nzima sasa.

Nina wivu na mgonjwa. Heri niuandike, niishi nao.

Paskazia ni mdogo wangu, kitindamimba. Kaka yetu wa Tanga alipotaka ndugu mmoja akajifunze cherehani kwake, mkubwa nilikuwa mimi, lakini alipelekwa yeye. Mimi niliulizwa nani atapalilia migomba. Alirudi na magauni, na hadithi za kidingapopo, ile homa ya mbu wa pwani, jinsi ilivyomvunja viungo. Mama alimchinjia kuku kana kwamba katoka vitani.

Mwezi uliopita kaka alioa, tukaenda wote wawili. Tukakuta shangazi wa bibi harusi kalala ndani na kidingapopo. Huku kwetu surua ikiingia nyumbani, anayewekwa na mgonjwa ni yule aliyewahi kuugua, kwa kuwa haimrudii. Basi nikasema mbele ya wakwe, Paskazia akae naye, yeye ilishampata. Walinisifu kwa busara. Busara gani! Nilitaka afungiwe chumbani siku ya ngoma, nionekane mimi japo mara moja.

Nilicheza mpaka miguu ikavimba.

Tuliporudi, haikupita wiki tukaanguka wote wawili. Mimi niliumwa kichwa na mifupa, vipele vikatoka, nikainuka nikaenda kuchota maji. Hakuna aliyenimenyea ndizi. Mama alikuwa kwa Paskazia. Homa yake nayo iliposhuka bado hakutoka kitandani, nikamwambia Mama kwamba anadeka tu, homa aliyokwisha kuizoea itamlazaje hivyo? Siku hiyo hiyo fizi zake zikaanza kutoka damu, mikono ikawa ya baridi, na majirani wakambeba kwa machela hadi barabarani.

Jana niliwapelekea matoke na mchuzi. Daktari akatueleza, mimi na Mama, tukiwa kando ya kitanda. Kipimo cha virusi hana, anakwenda kwa dalili na kwa kuwa mgonjwa aliwahi kuumwa. Kumbe kidingapopo ina virusi vya aina nne. Ukiugua aina moja, hiyo haikurudii, lakini zile tatu bado zinaweza kukupata, na kinga uliyobaki nayo inaweza kuisaidia aina ya pili badala ya kuizuia. Wengi hupona hata hivyo. Ila mara ya pili ndiyo ya kuogopa zaidi, na mabaya yake huja homa ikishashuka, watu wakidhani yamekwisha.

Nilimuuliza kama ni kukaa na yule shangazi. Akasema anayeibeba ni mbu, na mbu wa nyumba ile angeweza kumuuma yeyote. Sijui kama alikuwa ananipoza tu.

Ndipo Mama akanishika mkono. "Na huyu je?"

"Huyu sasa ndiye wa kulindwa," daktari akasema. "Akishikwa tena, mleteni mapema."

"Mwana wange," Mama akaniambia, "pwani huendi tena."

Sikumbuki mara ya mwisho aliponiita mwanangu. Nilifurahi. Maji ya dripu yanamwingia mdogo wangu mkononi, midomo imempasuka, na mimi nimesimama pale nafurahi kukatazwa safari.

Mama alipotoka kuosha vyombo, Paskazia alifungua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikainama.

"Dada, ulipolala na homa, nani alikuwa anakumenyea ndizi?"

"Mama," nikamjibu. Akatikisa kichwa, akalala tena.

Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza.

Asubuhi nitakwenda mapema, mvua iwepo isiwepo. Akiamka vizuri nitamwambia kwa nini siku ile nilimtaja yeye. Asipoamka, nitamwambia nani?